Mpangaji asiyelipa kodi wa Mji wa Kale

Likizo inapokaribia na familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret zikaanza kuhesabu nauli ya kwenda Mombasa, kila mtu nyumbani huwa na lake moyoni. Watoto huwaza bahari. Mama huwaza viazi karai na ukwaju wake. Baba huwaza gharama. Hakuna hata mmoja anayemuwaza mjusi.

Hata hivyo, usiku wa kwanza tu, kabla hujamaliza kupanga nguo zako, utainua macho ukutani karibu na taa na utamwona pale amejibandika, kichwa chini mkia juu, akikukodolea macho yasiyopepesa. Hapo ndipo mayowe yatakapoanza. Mtoto mmoja atakimbilia kitandani, mwingine atauliza kama anauma, na mtu mzima mmoja atavua ndara.

Huyo ndiye mjusi kafiri, mwenyeji wako ambaye hakuna aliyekutajia. Makala haya ni ya kukujulisha kwake mapema, ili siku hiyo ukiwa na ndara mkononi ujue unayetaka kumpiga ni nani na anafanya kazi gani pale ukutani.

Nyumba iliyojengwa kama kwa ajili yake

Ukitaka kumwona mjusi huyu katika makao yanayomfaa, usikae hotelini siku zote. Tenga jioni moja uende Mji wa Kale. Anzia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011. Kutoka hapo ifuate Ndia Kuu, kisha ujipenyeze katika vichochoro vya Kibokoni. Utapita milango iliyonakshiwa, roshani za mbao zilizoning'inia juu ya kichwa chako, wazee waliokaa barazani, na muuza kahawa na dele lake akigonganisha vikombe ili asikike.

Sasa zitazame nyumba zenyewe. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, boriti moja baada ya nyingine, na baina yake mna upenyo mwembamba wenye kivuli na ubaridi. Kwa binadamu, hiyo ni nyumba ya kukinga joto. Kwa mjusi kafiri, hilo ni jumba la vyumba mia.

Mchana kutwa hutamwona. Atakuwa amelala baina ya boriti, nyuma ya saa ya ukutani, nyuma ya kabati, au katika ufa wa dirisha. Wakati huo ngozi yake huwa ya kijivu kizito yenye michirizi. Jua likizama na adhana ya magharibi ikisikika, taa huwashwa, na mijusi hutoka mmoja mmoja. Ajabu ni kwamba wakitoka huwa wamebadilika rangi, wameparara na kuwa weupeweupe kama waliopakwa chokaa ya ukuta huohuo wanaoutambaa.

Hatoki kutembea bure. Anakwenda mezani.

Meza iliyoandaliwa na taa

Kaa kitini, zima televisheni, na uwaambie watoto wanyamaze kwa robo saa tu. Kuna mengi ya kuona.

Taa huvuta wadudu, na wadudu humvuta mjusi. Yeye hamfukuzi windo lake ovyo. Huchagua mahali karibu na mwanga, akajibana pale kimya kama msumari, akangoja. Nondo akitua umbali wa shubiri mbili, mjusi hugeuza kichwa polepole. Husogea hatua moja, akasimama. Husogea tena, akasimama. Kisha, kufumba na kufumbua, humrukia! Nondo huwa mdomoni, mabawa yakipapatika, na mjusi humpigapiga ukutani kidogo kabla ya kummeza mzima.

Chakula chake ni chochote kinachotembea na kinachoingia mdomoni: mbu, nzi, nondo, buibui, nyenje, na mende wadogo. Mvua za masika zikianza na kumbikumbi wakaruka kwa maelfu, hiyo huwa ni karamu. Usiku huo utawaona mijusi wamejazana kuzunguka taa moja, matumbo yamevimba, na bado wanakula. Maji hunywa kwa kuramba matone yaliyoganda ukutani au dirishani.

Usidhani lakini kwamba wanakula kwa udugu. Dume kubwa ndilo hushika nafasi nzuri karibu na taa, na kijana akijaribu kusogea hufukuzwa mbio mpaka gizani. Wadogo wana sababu nzuri ya kukaa mbali, kwa kuwa mjusi mkubwa akikutana na mtoto wa mjusi hana haya ya kumla. Hata gamba lake mwenyewe, anapojivua ngozi, hulivuta kwa mdomo na kulila. Kwake hakuna kinachotupwa.

Je, ndiye dawa ya mbu? La, tusimpe sifa asiyostahili. Anakula mbu wengi awezavyo, lakini hawamalizi, na yule mmoja aliyebaki ndiye atakayekuuma. Chandarua kibaki mahali pake. Mjusi ni msaidizi tu, ila ni msaidizi asiyedai mshahara.

Miguu bila gundi, macho bila kope

Swali ambalo watoto huuliza kwanza ni hili: mbona haanguki?

Wengi hudhani ana gundi miguuni, au kwamba anafyonza ukuta. Hana gundi na hafyonzi. Chini ya kila kidole ana vikunjo vyembamba, na juu ya vikunjo hivyo mna maelfu kwa maelfu ya nywele ambazo jicho haliwezi kuziona. Nywele hizo hukaribia ukuta mno hata chembe za mguu na chembe za ukuta zikavutana. Mvutano wa unywele mmoja ni mdogo sana, lakini ukijumlisha yote, unambeba mjusi darini miguu juu. Mwaka 2002 wanasayansi wa Marekani walitoa ushahidi kwamba siri ni mvutano huo. Mjusi akitaka kuondoka, hukunjua vidole kuanzia nchani, nao mguu huachia.

Macho yake nayo hayana kope. Yamefunikwa na utando mwangavu kama kioo cha saa, na kwa vile hawezi kupepesa, huyasafisha kwa ulimi. Ukingoja kidogo baada ya yeye kula, utamwona akijiramba jicho. Watoto hawatakisahau kioja hicho upesi.

Mkia ndio ngao yake. Akikamatwa, huuacha. Mkia hubaki ukirukaruka peke yake, paka akiushangaa, na mwenyewe huwa ameshatoroka. Baadaye huota mwingine, lakini haulingani na wa kwanza. Ndani yake hakuna mifupa bali gegedu, na kwa nje huonekana umetengenezwa kwa haraka. Isitoshe, mkia ni ghala lake la mafuta ya kutumia siku za njaa. Mjusi aliyepoteza mkia amepoteza akiba yake yote kwa siku moja.

Jina alilipata wapi

Wazee wa pwani hueleza kwamba Nabii Ibrahim alipotupwa motoni, viumbe wengine walijaribu kuuzima moto ule, ila mjusi huyu aliupuliza uzidi kuwaka. Kwa kisa hicho akaitwa kafiri, na wako Waislamu wengi wanaoona ni jambo jema kumuua anapoonekana. Mimi si shekhe, na mambo ya dini nawaachia wenye elimu yake.

Lakini yako mengine yasiyo ya dini ambayo tunapaswa kuyasahihisha. Watu husema akikukojolea utapata ukoma. Si kweli, kwani ukoma huletwa na bakteria nao hautokani na mjusi. Watu husema ana sumu. Hana. Ukimshika anaweza kukung'ata, lakini meno yake ni madogo na hayana dawa mbaya ndani yake.

Lenye ukweli ni kinyesi chake, kile kijipande cheusi chenye ncha nyeupe unachokikuta mezani asubuhi. Hicho chaweza kuwa na vijidudu vya salmonela vinavyoharisha. Kwa hivyo funika chakula na maji usiku, pangusa meza kabla ya kifungua kinywa, na mtoto aliyemshika mjusi aoshe mikono kwa sabuni.

Chupa ya mpwa wangu

Haya yote niliyajua nusunusu tu hadi nilipofuatana na mpwa wangu wa miaka tisa kwenda kukaa siku chache katika nyumba moja ya Kibokoni. Kijana huyu alikuwa ametazama vipindi vya televisheni ambamo watoto wa ng'ambo hufuga mijusi katika masanduku ya vioo. Usiku wa pili akamnasa mjusi mmoja mdogo kwa chupa ya jemu, akaitoboa kifuniko, na akatangaza kwamba amepata mnyama wake wa kumpeleka Nairobi.

Alimpa punje za wali. Mjusi hakuzigusa. Akampa kipande cha mahamri. Hakukigusa. Akamuua mbu na kumtia chupani. Mbu akalala pale chini, mjusi akamtazama kama asiyemwona. Nasi hatukuwa tumeelewa jambo moja: mjusi kafiri huwinda kinachosogea. Kwake, mbu aliyekufa ni kama kokoto.

Asubuhi tulikuta mkia uko upande mmoja na mjusi upande mwingine, amejikunyata, rangi yake imekuwa ya jivu. Mpwa wangu alianza kulia, akidhani amemvunja. Mwenye nyumba, bibi wa makamo yake, alikuwa akimimina chai.

"Shikamoo bibi," kijana akasema huku akifuta machozi.

"Marahaba mwanangu. Waliani?"

Kijana akamwonyesha chupa. Bibi akaitazama kwa muda.

"Ndiye yule wa pale juu ya mlango," akasema. "Mimi simpendi, nakwambia kweli. Lakini yeye kazi yake ni pale juu. Humo chupani atafanya kazi gani? Mwache ende zake."

Tulikwenda naye mpaka kwenye ufa wa dirisha, tukaulaza mdomo wa chupa ukutani. Kwa dakika nzima hakutoka. Kisha akachomoka na kuingia baina ya boriti. Usiku tulimngoja. Alitokea saa mbili na nusu, hana mkia, mbali na taa, mahali pa wanyonge. Kabla hatujalala alimnasa nondo mdogo. Mpwa wangu alipiga makofi hata akaamsha jirani.

Wa kufugwa na wa kuachwa

Huenda mtoto wako naye atauliza: mbona wa televisheni wanafugwa?

Yule wa televisheni mara nyingi ni mjusi chui, mwenye madoadoa meusi juu ya ngozi ya manjano. Kwao ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Ijapokuwa ni wa ukoo wa karibu, tabia zake ni tofauti kabisa. Hapandi kuta, kwa kuwa vidole vyake vina makucha tu. Ana kope na hufumba macho alalapo. Hutembea ardhini polepole, na kabla ya kumrukia nyenje hutikisa mkia wake mnene kama paka. Huenda haja pembe ileile moja kila siku. Amezalishwa mikononi mwa watu kizazi baada ya kizazi, na hata hivyo ulezi wake si mchezo. Lazima apewe wadudu hai walionyunyiziwa unga wa madini ya chokaa, na joto lake lipimwe, ama mifupa yake italegea.

Hata sisi tunaye jamaa yake. Katika nyanda kavu za Kenya yuko mjusi mdogo wa makucha, mwenye kope kama yule wa Pakistan, ambaye mchana hujichimbia mchangani na usiku hutoka kuwinda. Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa ukaona ardhi nyekundu iliyokauka, kumbuka kwamba si tembo peke yao wenye kuishi katika nchi za namna hiyo.

Na tamaa ya kufuga ina madhara yake. Jirani zetu wa Tanzania wana msitu mdogo uitwao Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Katika msitu huo na vipande vichache vya karibu anaishi mjusi ambaye hapatikani kwingine duniani, na dume lake ni la buluu inayong'aa kama kito. Huishi juu ya mikadi, baina ya majani. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walipompenda, wakamataji waliingia msituni wakawachukua kwa maelfu, na wengine waliikata mikadi yenyewe ili wamfikie. Sasa yumo hatarini kutoweka kabisa, na mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaokamatwa msituni ilipigwa marufuku. Hapa kwetu, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa mtu anayetaka kufuga mnyama wa porini. Chupa ya jemu si kibali.

Mjusi kafiri hayumo katika hatari hiyo. Ni msafiri hodari, tena wa zamani. Amejificha katika mizigo ya vyombo hata leo yuko Brazil, visiwa vya Karibi na Florida. Na kama vile Mji wa Kale ulivyopokea wageni kutoka ng'ambo ya bahari, pwani yetu imempokea pia binamu yake wa Asia, ambaye utamtambua kwa sauti: chak-chak-chak! Ukisikia mlio huo usiku, si mlango unaogongwa.

Ukienda na watoto

Basi, msomaji, ukifika pwani likizo hii, fanya hivi. Usiku wa kwanza, kabla ya mayowe, waonyeshe watoto mjusi kwa kidole na uwaeleze anangoja nini. Wape daftari. Waandike saa aliyotoka, wadudu aliokula, nani alimfukuza nani. Mwanafunzi wa darasa la sita atajifunza sayansi pale kitandani bila kulipiwa hata senti.

Ukiona vijiyai viwili vyeupe, vya mviringo na vigumu kama lulu, nyuma ya pazia au katika ufa, viache. Ni vya mjusi, naye kwa kawaida hutaga viwili. Usipulizie dawa ya wadudu ovyo chumbani, kwa sababu dawa imuuayo mdudu huweza kumdhuru anayemla, na mtoto wako naye anavuta hewa hiyohiyo. Kama humtaki kabisa juu ya kitanda chako, zima taa ya karibu na uwashe ya ukumbini. Wadudu watahama, naye atawafuata. Hutahitaji ndara.

Na mchana usimsahau ndugu yake. Tazama shina la mnazi uani au ukuta wenye jua. Utamwona mjusi mdogo mwembamba, kichwa chake cha manjano, akikimbia juu chini kukamata sisimizi na wadudu wengine wadogo. Huyo hufanya zamu ya mchana. Jua likizama, huingia kulala na kumwachia kafiri zamu ya usiku.

Mpwa wangu siku hizi hana mjusi chupani. Ana daftari lenye kurasa kumi na nne, na swali moja ambalo huniuliza kila likizo inapokaribia: "Mjomba, mkia wa yule wa Kibokoni utakuwa umeshaota?"

Nimemwambia twende tukaangalie. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba zile za mawe mgeni ni wewe, na mwenyeji yuko juu ya mlango.